Tarehe Haikisiwi

*Maneno haya yalisemwa mbele ya vijana wanaotengeneza programu. Yameandikwa hapa karibu kama yalivyosemwa, pamoja na swali moja lililoulizwa mwishoni.*

Itifaki imezingatiwa. Wakubwa zangu mlioko mbele, shikamooni. Wadogo zangu, hamjambo.

Nimepewa nafasi ya kuzungumza juu ya tarehe: jinsi programu inavyoisoma tarehe iliyoandikwa na mtu, na jinsi inavyoiandika tena ili mtu mwingine aisome. Mada hii naipenda na naiona ni nzito. Mfumo wowote tunaoujenga, uwe wa kliniki, wa chama cha akiba na mikopo, wa shule au wa tiketi za basi, una safu ya tarehe ndani yake. Na tarehe ikikosewa, mfumo haupigi kelele. Unaendelea kufanya kazi siku zote, na anayeumia ni mtu aliye mbali na kompyuta: mama aliyefika kliniki akaambiwa siku yake ilikuwa jana, mkopaji aliyetozwa faini ya kuchelewa ilhali hakuchelewa, mzee ambaye mfumo unasema hajafikisha umri.

Ninawaomba jambo moja tu leo. Programu isikisie tarehe. Pale isipojua, ikatae na kuuliza.

Chukueni maandishi haya: 03/04/2024. Hapa kwetu, na kwa majirani zetu Kenya na Uganda, kila aliyekaa darasani ataisoma tarehe 3 Aprili. Fungua konsoli ya kivinjari, uipe JavaScript, lugha ya programu inayoendesha kurasa za mtandao, maandishi hayo hayo kupitia `new Date`, nayo itakujibu 4 Machi. Haijali kwamba simu yako imewekwa Kiswahili, wala kwamba uko Bukoba. Inafuata desturi ya Marekani ya kutanguliza mwezi, na desturi hiyo imekaa ndani ya injini za vivinjari kwa miaka mingi. Sasa ipe 25/12/2024. Hapo itakuambia tarehe si halali, kwa sababu hakuna mwezi wa 25.

Hebu tuhesabu pamoja. Katika mwaka kuna siku 144 ambazo namba ya siku na namba ya mwezi zote mbili hazizidi 12. Kati ya hizo, 12 hazina shida, maana 5/5 ni 5/5 ukiisoma kutoka upande wowote. Zinabaki siku 132. Siku hizo 132 zitageuzwa bila onyo lolote, na zile 221 nyingine za mwaka wa kawaida zitakataliwa. Mtu akiijaribu programu yake kwa tarehe 20 Juni ataona imegoma na atairekebisha. Akiijaribu kwa tarehe 6 Juni ataona iko sawa kabisa, na ataikabidhi kwa mteja akiwa na amani moyoni.

Programu inayogoma ina nafuu yake. Mbaya zaidi ni ile inayojitolea kusaidia. Wengi wenu mnatumia pandas, maktaba ya lugha ya Python, kusoma faili za Excel na CSV kutoka ofisi mbalimbali. Kabla ya toleo la 2.0, lililotoka mwaka 2023, amri yake ya kusoma tarehe, `to_datetime`, iliweza kuusoma kila mstari kwa kanuni yake. Ikikuta 13/01/2022 ilitambua kwamba mwezi wa 13 haupo, ikageuza na kuifanya 13 Januari. Mstari unaofuata ukiwa 12/01/2022 iliusoma 1 Desemba. Karani ni mmoja, kaandika asubuhi moja, kwa mkono mmoja, na mistari yake miwili ikaenda miezi kumi na moja mbali. Toleo la 2.0 linaangalia thamani ya kwanza, linachagua mpangilio mmoja kwa safu nzima, na linagoma likikuta mstari usiolingana nao. Hayo ni maendeleo makubwa. Hata hivyo, thamani ya kwanza ikiwa 03/04, bado litaanza na mwezi. Na faili lako likiwa na malipo ya siku za mwanzo wa mwezi tu, halitakuta mstari wa kuligomesha.

Tiba yake inaandikwa kwa mstari mmoja. Katika Python, `strptime` inakudai utaje mpangilio: `%d/%m/%Y`, siku, mwezi, mwaka wa tarakimu nne. Ukiipa 31/02/2024 inakataa. Ukiipa 12/25/2024 inakataa. Kukataa huko ndiko tunakokutaka. Ninajua inavyochosha kuona programu imesimama kwenye mstari wa elfu tatu wa faili, lakini mstari huo ni wa mtu, na afadhali usimame wewe kwa dakika kumi kuliko yeye aandikiwe tarehe isiyo yake kwa miaka kumi.

Lakini mpangilio huo unaujuaje? Hapa ndipo wengi tunapoteleza. Mpangilio hauko ndani ya data. Ukiwa na 03/04/2024 peke yake, hata ukikesha ukiitazama, haitakuambia mwandishi alikusudia nini. Jibu liko kwa aliyeiandika. Kwa hiyo nenda umuulize karani, au soma maelezo ya mfumo ulioitoa, kisha liandike jibu hilo kwenye msimbo wako waziwazi. Ujumbe wa malipo ya simu unaokuja na 3/4/24 unahitaji maulizo hayo hayo, tena mara mbili, kwa sababu hata mwaka umekatwa.

Mwaka wa tarakimu mbili una hadithi yake. Kila lugha imechora mstari mahali pake. `%y` ya Python inafuata kanuni ya POSIX, kiwango cha mifumo ya Unix: 69 hadi 99 ni miaka ya 1900, na 00 hadi 68 ni miaka ya 2000. Kwa hiyo mtu aliyezaliwa mwaka 58 anaingizwa kama mtoto atakayezaliwa 2058. Injini ya JavaScript iliyo ndani ya Chrome na Node (inayoendesha JavaScript nje ya kivinjari) imechora mstari wake kwenye 50, hivyo huyo huyo anasomwa 1958. Mfumo wako ukiwa na Python nyuma, kwenye seva, na JavaScript mbele, kwenye kivinjari, mtu mmoja anakuwa na miaka miwili ya kuzaliwa iliyopishana karne nzima. Mzee wa mwaka 45 anapotezwa na zote mbili. Kwenye fomu yoyote mtakayoibuni, ombeni tarakimu nne. Haina mjadala.

Majina ya miezi nayo tuyatazame kidogo. Mtu akiandika 5 Mac 2024, au 12 Mei, au 9 Ago, au 25 Des, ameandika Kiswahili sahihi kabisa. `%b`, alama ya Python ya jina fupi la mwezi, kwenye seva iliyowekwa kwa Kiingereza haitamwelewa. Vijana wengi wanaishia kuandika kamusi ndogo ya kubadilisha Mac kuwa Mar, na hilo halina ubaya, mradi iwe na miezi yote kumi na miwili na ijaribiwe. Kwa upande wa kuandika, mambo ni mepesi zaidi kuliko mnavyodhani. Mradi wa Unicode unaoitwa CLDR unatunza majina ya siku, miezi na mipangilio kwa lugha nyingi za dunia, na Kiswahili kimo, pamoja na sura zake za Tanzania, Kenya, Uganda na Kongo. Katika JavaScript, `Intl.DateTimeFormat` ukiipa `sw-TZ` na mtindo mrefu itakuandikia 5 Machi 2024. Katika Python, maktaba ya Babel inafanya hivyo hivyo na itakupa hata Jumanne. Msiunganishe vipande vya tarehe kwa mikono kama mnashona viraka. Kazi hiyo imekwishafanywa, na imefanywa vizuri.

Wanaotumia Java wanisikilize hapa. Katika mipangilio ya Java, herufi kubwa na ndogo ni vitu viwili tofauti. `MM` ni mwezi, `mm` ni dakika. `yyyy` ni mwaka wa kalenda, lakini `YYYY` ni mwaka wa wiki, yaani mwaka ambao wiki hiyo inahesabiwa kuwa ni yake. Karibu mwaka mzima hivyo viwili vinatoa jibu moja. Kisha inafika 31 Desemba 2024, siku ya Jumanne katika wiki ya kwanza ya 2025, na risiti zako zote zinaandika 31 Desemba 2025. Kosa la aina hii linalala miezi kumi na miwili, linaamka siku mbili tatu wakati ofisi zimefungwa kwa sikukuu, na wahandisi wanaporudi kazini Januari halionekani tena. Mwishoni mwa Desemba 2014 watumiaji wengi wa Twitter kwenye simu za Android walijikuta wametolewa kwenye akaunti zao, kwa kuwa seva zilikuwa zikitangaza kwamba mwaka ni 2015.

Sasa nifike kwenye jambo ninalotaka mlibebe hata mkisahau mengine. Siku ni kitu kimoja, na nukta ya wakati ni kitu kingine. Mtu alipobonyeza kitufe cha kulipa, hiyo ni nukta moja katika wakati, na dunia nzima inaishiriki: Dar es Salaam ni saa fulani, Muscat ni saa nyingine, lakini nukta ni moja. Tarehe ya kuzaliwa haiko hivyo. Aliyezaliwa 1 Januari 1990 sikukuu yake ya kuzaliwa ni 1 Januari popote atakapokwenda. Haina saa, wala haina ukanda wa saa.

JavaScript ilizaliwa mwaka 1995 ikiwa na kitu kimoja tu cha tarehe, `Date`, alichokiiga Brendan Eich kutoka Java ya wakati ule. Kitu hicho ni nukta ya wakati, basi. Hata miezi yake inaanza kuhesabiwa kutoka sifuri. Wenye Java wenyewe walianza kukiacha mwaka 1997, na mwaka 2014 wakaleta `java.time`, ambamo `LocalDate` ni siku na `Instant` ni nukta. Sisi wa JavaScript tulibaki nacho. Kwa hiyo kila tarehe ya kuzaliwa inayopita kwenye kivinjari hulazimishwa kuwa nukta ya wakati, mara nyingi saa sita kamili usiku.

Tazameni kinachotokea. Dada yuko Morogoro, anachagua 1 Januari 1990 kwenye kalenda ya fomu. Kivinjari kinaelewa: saa sita usiku, kwa saa za Afrika Mashariki, ambazo ziko saa tatu mbele ya UTC, saa ya marejeo ya dunia nzima. Msimbo unaita `toISOString`, amri inayoiandika nukta kwa saa za UTC, ili kuipeleka kwenye seva. Matokeo ni 1989-12-31, saa 21:00 UTC. Kisha mtu anakata herufi kumi za mwanzo ili abaki na siku tu, na kinachoingia kwenye kanzidata ni 31 Desemba 1989. Siku imepungua moja, na mwaka pia umepungua.

Msimbo huo unapatikana kwenye masomo mengi, na walioyaandika hawakuwa waongo. Mtu aliyeko New York akiujaribu, saa sita yake ya usiku ni saa 05:00 UTC ya siku hiyo hiyo, na jibu linatoka sawa. Yeye huumizwa na upande wa pili: maandishi 1990-01-01 yakisomwa na `new Date` huhesabiwa kuwa ni UTC, na yakionyeshwa kwa saa za kwake yanarudi kuwa 31 Desemba. Kila upande wa dunia una kosa lake. Sisi tulio mashariki ya Greenwich tunapoteza siku tunapoandika, wao wanaipoteza wanaposoma. Ndiyo maana nasema msimbo wa tarehe ujaribiwe hapa, kwa saa za hapa, hata ukiwa umetoka kwa mwalimu mashuhuri.

Na kuna wazee wetu. Hifadhi ya saa za dunia inayoitwa tz, ambayo karibu kila simu na seva inaitegemea, ina historia ya saa za Nairobi. Inasema Nairobi haikuwa siku zote saa tatu mbele. Kuanzia mwanzo wa 1937 hadi mwisho wa Julai 1942 ilikuwa saa mbili na dakika arobaini na tano. Chukua mzee aliyeandikishwa 1 Januari 1941. Mfumo mmoja ukaihifadhi kama saa sita usiku kwa kupunguza saa tatu moja kwa moja. Mfumo mwingine ukaisoma kwa kufuata historia ya ukanda wa Africa/Nairobi. Utaionyesha saa 23:45, tarehe 31 Desemba 1940. Dakika kumi na tano za miaka ya vita zinakwenda kubadilisha mwaka wa kuzaliwa wa mtu aliye hai leo.

Kwa nini nimechagua 1 Januari? Kwa sababu wazee wengi hawakupewa cheti cha kuzaliwa. Wanajua mwaka, au wanajua njaa ipi, mvua zipi, vita vipi. Fomu ikidai siku na mwezi, karani anajaza 1 Januari ili apite. Kwa hiyo wale ambao tarehe zao zilikuwa dhaifu tangu mwanzo ndio ambao kosa la siku moja linawavusha mwaka. Hilo linaniuma, na natamani liwaume na ninyi. Tarehe ya kuzaliwa ihifadhiwe kama siku: `DATE` kwenye kanzidata ya PostgreSQL, `date` kwenye Python, `LocalDate` kwenye Java, na kwenye JavaScript kama maandishi ya mwaka-mwezi-siku yasiyoguswa na `Date` kabisa. Kitu kipya cha JavaScript kinachoitwa Temporal, ambacho Firefox ilikiingiza mwaka 2025, kina `PlainDate` kwa kazi hiyo, na nawasihi mjifunze mapema. Tena mruhusuni mtu aseme anajua mwaka peke yake. Kiwango cha kimataifa cha kuandika tarehe, ISO 8601, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1988, kinakubali mwaka bila mwezi, na sehemu yake ya pili ya mwaka 2019 ina hadi alama za kuonyesha kwamba tarehe ni ya makadirio. Kuandika 1941 tu ni kusema kweli. Kuandika 1941-01-01 kwa mtu asiyeijua siku yake ni kumtungia.

Mikopo niipitie haraka, maana najua humu mko wengi mnaojenga mifumo ya vikundi. Mwanachama amekopa 31 Januari 2024, analipa kila mwezi. Ukiiongezea `Date` mwezi mmoja kwa `setMonth`, inatafuta 31 Februari, inaikosa, inasonga mbele hadi 2 Machi. Februari imerukwa. Java na Temporal zinarudi nyuma hadi 29 Februari, na hilo ndilo mwanachama mwenyewe angelitarajia. Lakini ukichukua hiyo 29 Februari na kuiongezea mwezi tena, utapata 29 Machi, na tarehe 31 haitarudi kamwe. Hesabu kila malipo kutoka siku ya mkopo: mwezi mmoja, miwili, mitatu, siku zote ukianzia 31 Januari. Na utaratibu huo uandikwe kwenye mkataba kwa lugha ambayo mkopaji anaielewa, kwa sababu uamuzi wa siku ya kulipa ni wa kikundi. Mwandishi wa programu hana haki ya kuwaamulia.

Kuna saa zetu. Tunahesabu saa kuanzia mapambazuko na machweo, na watumiaji wetu wataandika hivyo kwenye ujumbe, kwenye sauti, popote mtakapowaachia uhuru. Hesabu yenyewe ni rahisi: chukua saa ya mfumo wa saa ishirini na nne, ongeza sita, gawanya kwa kumi na mbili, chukua baki, baki likiwa sifuri, sema kumi na mbili. Saa 07:00 inakuwa saa moja asubuhi, saa 02:00 inakuwa saa nane usiku, saa 18:00 inakuwa saa kumi na mbili jioni. CLDR ina maneno yetu, alfajiri, asubuhi, mchana, jioni na usiku, lakini hakuna mahali inapoisogeza saa kwa sita. Ukiiomba iandike 02:00 kwa saa kumi na mbili pamoja na kipindi cha siku, itakupa 2 ikifuatana na neno usiku. Msomaji wa Kiswahili ataelewa saa 20:00. Kwenye kikumbusho cha dawa, tofauti hiyo ni saa kumi na nane. Kwa hiyo andikeni 02:00 kwa tarakimu nne, na pembeni yake saa nane usiku kwa maneno yaliyotoka kwenye hesabu yenu wenyewe.

Kusoma ni kugumu zaidi. Saa 8 bila kipindi inaweza kuwa 14:00 au 02:00, na hapo programu iulize. Na hata mtu akisema Jumatatu saa 9 usiku, hesabu ya saa inatoka vizuri, 03:00, lakini siku je? Kwa kalenda ya kompyuta, Jumatatu saa 03:00 ni usiku ulioanza Jumapili. Kwa watu wengi, usiku wa Jumatatu ni ule unaokuja baada ya jua la Jumatatu kuzama, na saa tisa yake iko Jumanne alfajiri. Abiria wawili wenye tiketi inayofanana wanaweza kufika stendi usiku tofauti. Watangazaji wetu wa redio walilitatua zamani kwa kusema usiku wa kuamkia. Tiketi iandike hivyo: usiku wa Jumapili kuamkia Jumatatu, saa tisa, 03:00. Ni maneno mengi kwenye kioo kidogo cha simu. Tafuteni nafasi, hata kama ni kwa kupunguza nembo.

Sikukuu za Idi nazo msizipige hesabu. Java inayo kalenda ya Kiislamu ya Umm al-Qura, na ni nzuri kwa kazi yake, lakini mapumziko ya Idi hapa kwetu yanasubiri mwezi uandame. Acheni nafasi ya mtu kuithibitisha siku.

Naona muda unaniishia, nichukue swali moja.

*Kijana mmoja aliuliza: "Mwalimu, chuoni tulifundishwa tuhifadhi kila kitu kwa UTC na tutakuwa salama. Umesema tarehe ya kuzaliwa isiguswe. Je, yaliyobaki yote yaende UTC?"*

Ahsante, kaka. Yaliyokwisha kutokea, ndiyo. Malipo yaliyofanyika, ujumbe uliotumwa, mgonjwa aliyesajiliwa: hifadhi nukta kwa UTC na uionyeshe kwa saa za msomaji. Hapo mwalimu wako alisema kweli.

Yanayokuja ni jambo jingine, kwa sababu saa za nchi zinawekwa na serikali, na serikali hubadilisha. Sudan Kusini ilifuata saa zile zile tunazofuata sisi hadi Januari 2021. Tarehe 1 Februari mwaka huo ikarudi nyuma saa moja. Aliyekuwa ameandikiwa miadi ya hospitali Juba mwezi Machi saa 09:00, na mfumo ukaihifadhi kama 06:00 UTC, baada ya hapo angeonyeshwa 08:00. Daktari bado atafika saa 09:00 ya saa ya ukutani. Samoa nao waliiruka siku nzima, 30 Desemba 2011, ili wahamie upande mwingine wa mstari wa tarehe. Miadi yoyote ya siku hiyo ilibaki bila siku.

Kwa miadi ijayo, hifadhi vitu vitatu: siku, saa ya ukutani, na jina la ukanda kama Africa/Dar_es_Salaam. Usihifadhi +03:00 peke yake, kwa kuwa namba hiyo haijui kwamba sheria imebadilika, na jina linajua, mradi seva yako inasasisha hifadhi ya tz. Nukta ya UTC ihesabiwe kutoka hapo kila inapohitajika.

Na uulize saa ya nani inatawala. Mna jumuiya yenye wanachama Dar na London, mnakutana mtandaoni kila Jumapili. Mkiandika 20:00 Africa/Dar_es_Salaam, wa London watajiunga saa 17:00 wakati wa baridi na saa 18:00 wakati wa kiangazi. Mkiandika 18:00 Europe/London, wa Dar watakaa saa tatu usiku kwa miezi ya baridi na saa mbili usiku kwa miezi mingine. Hapo programu iwatumie watu wa Dar taarifa kabla ya Jumapili ya mwisho ya Machi na kabla ya Jumapili ya mwisho ya Oktoba, ikiwatajia saa mpya kwa maneno na kwa tarakimu.